Janga likitokea, tazama saa na mfuko: namna ya kupima kazi ya serikali na ya soko

Kila maafa yanapotokea, mabishano ni yale yale. Huyu anasema serikali imelala, yule anasema wafanyabiashara ni wanyonyaji, na mwingine anajibu kwamba soko likiachwa litajiweka sawa lenyewe. Mimi ni mtu wa stoo. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa ugavi wa misaada: kuagiza, kupokea, kuhesabu, kutoa. Sijaona mabishano hayo yakipakua hata lori moja. Siku hizi nawafundisha vijana wanaochambua habari za maafa, na utaratibu ninaowapa ndio huu. Shahada ya uchumi haihitajiki. Chukua daftari, kalamu, na uwe king'ang'anizi wa kuuliza.

Anza na saa

Chora mstari katikati ya ukurasa. Mwanzoni andika "kabla", halafu "saa 72 za kwanza", halafu "miezi", halafu "miaka". Kila unachokisikia, iwe ahadi, bei, msaada au lawama, kiweke mahali pake kwenye mstari. Karibu kila kitu kinachotangazwa kitaangukia kwenye zile saa 72 na miezi inayofuata. Sehemu ya "kabla" itabaki nyeupe. Usiridhike nayo ikiwa hivyo. Nenda ukaijaze, kwa sababu huko ndiko watu wengi zaidi wanakookolewa au kupotezwa.

Tazama mwaka 2010. Tarehe 12 Januari Haiti ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.0, na makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000 na kuvuka 300,000. Tarehe 27 Februari Chile ikapigwa na la 8.8, ambalo nguvu yake ilizidi ile ya Haiti karibu mara 500. Chile walikufa watu 500 na ushee. Ni kweli kitovu cha Haiti kilikuwa karibu kabisa na mji mkuu na hakikuwa chini sana, kwa hiyo ulinganisho huu si wa mizani kamili. Lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizokazwa baada ya matetemeko yake ya nyuma, na zaidi ya hapo, sheria yake inamfuata mwenye kujenga na kuuza: kasoro kubwa ya muundo ikijitokeza ndani ya miaka 10, yeye ndiye anayedaiwa. Hapo serikali haikujenga nyumba hata moja. Ilichofanya ni kumwekea muuzaji hasara yake mwenyewe mbele ya macho, na soko likafuata.

Uturuki ilikwenda upande wa pili. Mwaka 2018 ilitoa msamaha wa majengo: mwenye jengo lililokiuka kanuni analipa ada, anapewa hati, yamekwisha. Hazina ilipata mapato, wenye majengo wakashusha pumzi. Tarehe 6 Februari 2023 ardhi ilitetemeka na Uturuki pekee ikapoteza watu zaidi ya 50,000. Sisemi kila jengo lililoanguka lilikuwa na hati ya msamaha. Nasema ada ile ilikuwa bei, na bei hiyo haikubeba ndani yake gharama ya watu ambao wangekuwa wamelala ghorofani.

Kuna pia mambo ambayo hakuna kampuni itakayoyauza. Tahadhari ya kimbunga ni mojawapo: ukipiga king'ora, anasikia aliyelipa na asiyelipa, basi nani atatoa pesa yake? Bangladesh ilipoteza watu wasiopungua 300,000 katika kimbunga cha mwaka 1970. Baada ya hapo likajengwa jeshi la watu wa kujitolea, wenye vipaza sauti na baiskeli, na yakaongezwa majengo ya kukimbilia. Kimbunga cha 1991 bado kiliua watu wapatao 138,000. Kile cha 2007, kiitwacho Sidr, kiliua takriban 3,400. Watu hao si wachache, lakini soma namba hizo tatu kwa mfuatano, kisha ujiulize ni lini mara ya mwisho ulisikia mwanasiasa akijisifu kwa kununua vipaza sauti.

Uliza ni nani anajua kinachohitajika, na wapi

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, pengine kwa sababu ya kazi niliyofanya. Tatizo la siku za mwanzo mara nyingi si kukosa mali. Mali ipo, ila haijulikani nani anahitaji nini, wapi, na njia ipi inapitika.

Mfano mzuri uko Marekani, kimbunga Katrina, mwishoni mwa Agosti 2005. Shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia dharura, FEMA, liliagiza barafu kwa maelfu ya tani. Malori yakatumwa huku, yakageuzwa kule, madereva wakisubiri maagizo, na sehemu ya barafu hiyo ikaishia kwenye maghala ya baridi huko Maine, kaskazini kabisa mwa nchi, mbali na joto la pwani ya kusini iliyokuwa ikiililia. Aliyekuwa akiagiza hakuwa akiona, na aliyekuwa akiona hakuwa na ruhusa ya kuagiza.

Wakati huohuo maduka zaidi ya 100 ya Walmart yalifungwa kwa sababu ya kimbunga, na ndani ya wiki mbili mengi yao yalikuwa wazi tena. Kampuni ilikuwa na kituo chake cha dharura kinachofuatilia hali ya hewa, ilikuwa na rekodi za nini hununuliwa kabla na baada ya dhoruba, na wakubwa waliwaambia mameneja wa chini waamue mambo hata yaliyo juu ya vyeo vyao. Huko Waveland, Mississippi, meneja msaidizi mmoja alipitisha buldoza ndani ya duka lake lililoharibika, akakusanya kilichobaki kikavu, akakigawa kwenye maegesho ya magari. Kisha akavunja chumba cha dawa, kwa sababu hospitali ilikuwa imekwama bila dawa. Jiulize, ofisa wa serikali akifanya hivyo, wiki ijayo atakuwa wapi? Mbele ya kamati, akieleza nani alisaini.

Sasa usikimbilie kusema "soko limeshinda." Katika maafa hayohayo askari wa ulinzi wa pwani wa Marekani waliokoa watu zaidi ya 33,000, na wale ni serikali tupu. Wanafanana na yule meneja katika jambo moja: marubani wao wanaruhusiwa kuamua palepale walipo. Na kingo za maji zilizobomoka New Orleans zilisanifiwa na kujengwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, kazi ambayo hakuna duka lingeifanya. Kwa hiyo daftarini futa maneno "serikali" na "soko." Andika badala yake: aliyeamua alikuwa umbali gani na mhitaji, na akikosea anapata hasara gani? Ukiwa na majibu hayo mawili, jina la mwajiri wake linakupa machache sana ya ziada.

Bei: usiiandike peke yake

Habari za bei kupanda ndizo zinazochemsha damu haraka, na ndizo zinazoandikwa ovyo kuliko zote. Bei ikitajwa bila kuelezwa njia na akiba, taarifa hiyo haina kitu.

Baada ya Katrina huyohuyo, mtu mmoja kutoka Kentucky alinunua jenereta 19, akakodi lori, akaendesha karibu kilomita 1,000 hadi Mississippi ambako umeme ulikuwa umekatika, akitaka kuziuza mara mbili ya bei aliyonunulia. Polisi wakamkamata kwa ulanguzi, wakamweka ndani siku nne, jenereta zikachukuliwa. Nikiisimulia hadithi hii darasani, darasa hugawanyika hapohapo. Acheni hasira kidogo, nawaambia, tuhesabu. Kabla hajafika, pale palikuwa na jenereta ngapi za kuuza? Baada ya kukamatwa, zilimfikia nani? Na je, mtu wa pili aliyekuwa akifikiria kupakia lori lake usiku ule alifanya nini aliposikia habari hizo?

Lakini kuna upande mwingine, na wanaopenda soko mno huupita kwa haraka. Bei ya juu huita mali pale tu ambapo mali inaweza kuja. Daraja likiwa limekatika na akiba ni ile iliyopo, kupanda kwa bei hakuleti hata gunia la ziada, kunaamua tu nani anapata na nani anakosa. Halafu bei inasikia sauti ya mwenye pesa peke yake. Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1998, alichambua njaa ya Bengal ya 1943 na kuonyesha kwamba chakula hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kueleza vifo vile. Vibarua, wavuvi na mafundi walikuwa wamepoteza uwezo wa kukinunua. Soko lilikuwa likifanya kazi, ila halikuwa likiwafanyia kazi wao.

Kwa hiyo ukikutana na habari ya bei, andika mambo mengine matatu kando yake: njia inapitika? mzigo mpya unaingia? watu wana pesa mkononi? Njia ikiwa imefungwa, dawa ni greda na daraja la muda. Mzigo ukiwa unaingia lakini watu hawana kitu, dawa ni pesa taslimu, siyo kumkamata muuzaji. Somalia mwaka 2011, baada ya njaa kutangazwa rasmi, mashirika yalipeleka pesa na vocha kwa wingi kupitia hawala na wafanyabiashara, katika maeneo ambayo malori ya misaada yalikuwa hayafiki. Wafanyabiashara walikuwa na njia zao, wakaleta chakula kwa sababu sasa kulikuwa na wanunuzi. Palipo na soko linalopumua, mimi niko upande wa pesa taslimu. Mahali ambapo hakuna cha kununua, pesa ni karatasi, na hapo leteni magunia.

Niseme kidogo kuhusu misaada ya vitu, kwa kuwa nimeibeba. Marobota ya nguo kuukuu huja bila kuitwa. Ukilifungua moja unakuta koti zito la baridi kwa watu wanaotokwa jasho, kiatu kimoja cha kushoto, gauni la harusi. Huja pia maboksi ya dawa zenye maelezo kwa lugha ambayo hakuna muuguzi anayeisoma, nyingine zimebakiza wiki chache kuisha muda. Vyote hivyo vinataka watu wa kuchambua, nafasi ya stoo, na baadaye pesa za kuviteketeza kwa usalama. Mtoaji anaona ametoa bure, huku mpokeaji analipa. Ukisoma "tani kadhaa za misaada zimewasili," uliza zimewasili ngapi kati ya zile zilizoombwa. Orodha ya mahitaji huwa ipo, omba uione.

Ahadi: kuna kuahidi na kuna kutoa

Pesa ya serikali au ya wafadhili hupitia vituo vinne: imeahidiwa, imetengwa, imetolewa, imetumika. Taarifa kwa vyombo vya habari husimama kituo cha kwanza. Wewe andika majina ya vituo vyote vinne, na kila namba uiweke chini ya kimoja tu. Ikikataa kukaa, namba hiyo bado ni hotuba. Angalia pia kama pesa hiyo ni mpya au ni ya mradi wa mwaka jana iliyobadilishwa jina. Mchezo huo ni wa kawaida na si lazima uwe wizi, ila mradi uliopokonywa nao una watu wake.

Kwa nini ahadi ni nyingi baada ya janga na chache kabla yake? Andrew Healy na Neil Malhotra walichunguza chaguzi za Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2009: wapiga kura humzawadia kiongozi anayemwaga pesa za misaada, lakini hawamzawadii anayetumia pesa kujiandaa. Na hali walikadiria kwamba dola 1 ya maandalizi huzuia hasara ya dola 15 hivi baadaye. Mwanasiasa anayepuuza mitaro ya maji ya mvua, basi, hesabu zake ziko sawa. Anasoma sanduku la kura, na sisi ndio tulioliandika.

Vyombo vya habari navyo vina sehemu yao. Utafiti mwingine, wa Thomas Eisensee na David Strömberg, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba serikali ya Marekani ilikuwa na uwezekano mdogo wa kupeleka msaada kwa maafa yaliyotokea wakati wa Michezo ya Olimpiki, maana habari zake zilizibwa. Kwa hiyo unapochambua janga, tazama kalenda, uone nini kingine kilikuwa kikirushwa wiki ile.

Kuhusu wale wanaodai kwamba maafa "yanachangamsha uchumi" kwa sababu ya kazi za ujenzi mpya, sitapoteza muda mwingi. Pato la Taifa linahesabu kinachozalishwa mwaka huu. Nyumba iliyobomoka haitolewi kwenye hesabu hiyo, ila inayojengwa upya inaongezwa. Mwenye nyumba amerudi pale alipokuwa, akiwa na deni.

Bima: soma masharti kabla ya kushangilia

Hapa serikali na soko vinashikana mashati zaidi. Bima binafsi hupenda hasara ndogo zinazotokea huku na kule, moto hapa, ajali pale. Janga hupiga wateja wote usiku mmoja. Kimbunga Andrew cha mwaka 1992 huko Florida kilifilisi kampuni takriban 11 za bima, na nyingine zikaanza kujiondoa taratibu, mpaka jimbo likalazimika kuwabeba waliokataliwa kwingine.

Serikali ikiingia, huingia na ugonjwa wake. Marekani ilianzisha bima ya taifa ya mafuriko mwaka 1968. Kwa sababu za kisiasa, wengi walitozwa chini ya hatari halisi ya mahali walipojenga, na nyumba zilezile zikawa zinafurika, zinalipwa, zinajengwa palepale, zinafurika tena. Mwaka 2017 Bunge lao lililazimika kuufutia mpango huo deni la dola bilioni 16. James Buchanan, mwanauchumi mwingine wa Nobeli, alikuwa ameueleza mtego huu tangu 1975: mtoaji mwenye huruma akijulikana kwamba atatoa kwa vyovyote, mpokeaji hana sababu ya kujihadhari. Na mtoaji hawezi kuutegua kwa maneno, maana mtu akiwa juu ya paa na maji yamemzunguka, nani atamwambia "tulikuonya"?

Ukikutana na mpango wa bima unaoendeshwa au kulipiwa na serikali, tafuta kama ada inapanda kadiri hatari inavyopanda. Masikini asiyeweza kulipa asaidiwe waziwazi, kwa ruzuku inayoonekana kwenye bajeti, kuliko kuificha bei ya hatari kwa kila mtu, akiwemo tajiri mwenye jumba ufukweni.

Aina inayosifiwa sana siku hizi ni bima ya faharasa, ambayo haingoji mkaguzi apite nyumba kwa nyumba. Mvua ikishuka chini ya kiwango fulani, au upepo ukivuka kasi fulani, malipo yanatoka. Uzuri wake ni mwendo. Nchi za Karibiani zilianzisha mfuko wao wa pamoja, CCRIF, mwaka 2007, na baada ya tetemeko la 2010 Haiti ililipwa karibu dola milioni 8 kama wiki mbili hivi baadaye. Hasara ilikadiriwa kufikia dola bilioni 8 hivi. Hizo milioni zilitosha kuifanya serikali isizimike kabisa, hazikutosha kujenga. Usichanganye mambo hayo mawili kwenye taarifa yako.

Ubaya wake ni kwamba kompyuta hulipa kile ilichoambiwa. Malawi ilikuwa imekata bima ya ukame kwa African Risk Capacity, chombo cha Umoja wa Afrika. Msimu wa 2015/16 mvua ikaharibika, na serikali ikahesabu watu zaidi ya milioni 6 wanaohitaji chakula. Mfumo wa bima ukaona walioathirika ni wachache mno, haulipi. Walipochimba wakakuta mfumo ulidhani wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu, ya siku 120 hadi 140, wakati wengi walikuwa wamehamia mbegu ya siku 90 au karibu na hapo. Mvua ilikauka wakati mahindi ya kwenye kompyuta yakiwa salama, na ya shambani yakiwa kwenye hatua ambayo hayawezi kuvumilia. Mahesabu yakarudiwa, na karibu dola milioni 8 zikalipwa, miezi mingi baada ya wakati wake.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye hafla ya kusaini bima ya aina hii, waziri akimaliza kupiga picha, muombe mtaalamu akuonyeshe ukurasa wenye dhana za mfumo. Muulize umechukulia mbegu gani, kipimo cha mvua kiko wapi, mara ya mwisho nani alikwenda shambani kuhakikisha, na kama mfumo ukikosea, mkulima au serikali inakata rufaa kwa nani, na kwa siku ngapi.